Hadithi za Kubuni Juu ya Kanisa, na Namna Itupasavyo Kuzijibu

Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na walimu wa dini katika Jubilei ya Jimbo



Baba Askofu, Mapadre wetu, Masista, walimu wenzetu, na ninyi nyote baba zetu na mama zetu mliokusanyika hapa: katika siku hizi za Jubilei wengine wamepewa kusimulia habari za wamisionari wa kwanza, na za makanisa yaliyojengwa, na za wale waliotutangulia wakiwa na alama ya imani. Sisi walimu wa dini tumepewa fungu jingine, nalo si tamu sana. Tumeagizwa kunena juu ya vitabu na sinema zisimuliazo habari za Bwana wetu na za Kanisa lake kwa namna isiyo ya kweli, na jinsi Wakristu walivyozijibu, na jinsi itupasavyo sisi kuzijibu.

Labda mtu atauliza: Je, mambo haya yahusu nini Jubilei? Yahusu sana. Jubilei ni siku ya kuhesabu tuliyopokea na tuliyoyakabidhi kwa wengine. Nao walimu wanaowafundisha vijana wa Kipaimara wamekwisha kuyasikia maswali haya: "Mwalimu, ati Yezu alikuwa na mke?" "Mwalimu, ni kweli Injili zilichaguliwa na mfalme?" Maswali hayo hayamo katika Katekisimu tuliyoikariri. Wala kijana hakuyaokota hewani, ameyapata mahali. Basi yafaa tupajue mahali hapo.

Tutachukua mfano mmoja tu, ili tusipotee katika mingi. Mwaka 2003 huko Marekani mwandishi aitwaye Dan Brown alitoa riwaya, jina lake The Da Vinci Code. Ni hadithi ya mauaji na ya kukimbizana usiku. Mkuu mmoja wa jumba la picha la Louvre, mjini Paris, anauawa. Kisha mtaalamu wa Marekani na mwanamke wa Kifaransa wanafuata alama zilizofichwa katika picha na makanisa, huku nyuma yao yuko mtawa muuaji. Njiani mzee mmoja msomi anawafunulia siri: ati Yezu alimwoa Maria Magdalena, wakazaa, ati uzao wao ungaliko Ufaransa, ati Wakristu wa kwanza hawakumwita Yezu Mungu, mpaka Kaisari Konstantino alipolitaka neno hilo katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325, ati Kaisari huyo ndiye aliyechagua Injili nne na kuziteketeza nyingine, tena ati Kanisa limemwaga damu karne nyingi ili siri hiyo isitoke.

Kitabu hicho kiliuzwa makumi ya mamilioni ya nakala, kikafasiriwa katika lugha zaidi ya 40. Mwaka 2006 Ron Howard akakifanya sinema, ikaingiza zaidi ya dola milioni 750. Leo kijana hana haja ya kwenda mjini kuitafuta nyumba ya sinema, kwani aweza kuitazama katika simu yake, amelala kitandani, wala mzazi asijue.

Hapo tuangalie jambo moja kwa makini. Hadithi si dhambi. Wazee wetu walituhadithia habari za sungura na fisi, wala hakuna aliyewashitaki kwa kusema kwamba sungura alinena. Mwenye kusimulia na wenye kusikiliza walikuwa wamepatana tangu mwanzo. Lakini mwandishi huyu, kabla ya kuanza hadithi yake, aliweka ukurasa mmoja wa kudai kwamba mambo kadha wa kadha ni hakika: kwamba chama cha siri kiitwacho Prieuré de Sion kipo kweli, nacho kilianzishwa mwaka 1099, na kwamba picha, majengo, hati na ibada za siri alizozieleza amezieleza kwa usahihi. Hapo mapatano yalivunjika. Msomaji alidhani ameingia barazani kusikiliza hadithi, kumbe mlangoni ameambiwa kwamba yumo darasani.

Na hakika ni nini? Chama hicho kilianzishwa mwaka 1956 na Mfaransa Pierre Plantard, karibu na mpaka wa Uswisi. Hati za kukifanya kionekane cha kale zilighushiwa, zikawekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris katika miaka ya 1960. Nguzo iliyobeba nyumba nzima ilikuwa ya bua.

Sasa tuone Wakristu walijibuje. Njia walizozishika zilikuwa nyingi, nasi tutazitaja zile zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni kukataza. Mwezi wa Machi 2005 Kardinali Tarcisio Bertone, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Genoa, aliwaambia waumini wasikinunue kitabu wala wasikisome. Mwaka uliofuata Askofu Mkuu Angelo Amato, aliyekuwa Katibu wa Idara ya Mafundisho ya Imani, aliwataka wasiende kuitazama sinema. Neno la mchungaji si la kudharauliwa. Mama akiona mtoto anaokota kitu kichafu, kwanza humpiga marufuku, ndipo amweleze. Lakini katazo lisilofuatwa na maelezo hufa upesi. Kanisa lenyewe lalijua jambo hili, kwa kuwa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa tangu mwaka 1559, nalo likaiacha mwaka 1966. Na huyo Kardinali Bertone hakuishia kwenye katazo, bali katika mwezi uleule aliitisha mkutano wa hadhara mjini Genoa, ili makosa ya kitabu yaelezwe mbele ya watu. Wengi hulikumbuka katazo, na mkutano wameusahau.

Njia ya pili ni kuiendea serikali na sheria. Lebanon ilikizuia kitabu mwaka 2004. Pakistan iliizuia sinema mwaka 2006. Kardinali Francis Arinze, mwana wa Nijeria na wa bara letu, alisema mwaka huo kwamba Wakristu wasikae tu wakinyamaza, maana ziko pia njia za sheria. Twaelewa uchungu wake: mtu akitukaniwa babaye hawezi kukaa kimya. Walakini sheria yaweza kulifunga duka, isiweze kulijibu swali lililokwisha kuingia kichwani.

Tena kuhusu sheria ilitokea ajabu moja. Kesi kubwa iliyosikiwa London mwaka 2006 haikuletwa na Kanisa. Waliomshitaki mchapishaji wa Dan Brown walikuwa Michael Baigent na Richard Leigh, ambao pamoja na mwenzao wa tatu walikuwa wametoa kitabu mwaka 1982 chenye madai yaleyale ya ndoa na uzao, nao walikitoa kama habari za historia. Walidai kwamba mawazo yao yameibwa, wakashindwa. Fikirini, ndugu: siri iliyosemwa kwamba Kanisa limeificha kwa miaka 2,000 ilikuwa ikiuzwa madukani kwa miaka zaidi ya 20, na watu wanaigombania mahakamani!

Njia ya tatu ni hasira, nayo twaitaja ili tuikimbie. Kabla ya mambo haya, mwaka 1988, ilitoka sinema ya Martin Scorsese iliyofuata riwaya ya Mgiriki Nikos Kazantzakis juu ya majaribu ya Kristu, riwaya ambayo Roma ilikuwa imeikataza mwaka 1954. Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba 1988 watu waliojiita Wakatoliki walitia moto nyumba ya sinema ya Saint-Michel mjini Paris, wakaumiza watu 13. Kardinali Lustiger, Askofu Mkuu wa mji huo, ambaye mwenyewe hakupendezwa na sinema ile, alililaani tendo lao. Je, wale walimtetea nani? Petro alipochomoa upanga bustanini aliambiwa aurudishe alani mwake, na sikio alilolikata likaponywa na yuleyule aliyetaka kumtetea.

Njia ya nne ni kufungua mlango na kueleza. Katika hadithi ya Dan Brown kanisa la Saint-Sulpice, Paris, lasemwa kuwa lilijengwa juu ya hekalu la kipagani, na kwamba mstari wa shaba uliomo sakafuni ni masalio ya ibada hizo. Watu wakaanza kumiminika kuutafuta. Wenye kanisa hawakuwafukuza. Walibandika tangazo, wakaeleza kwamba mstari ule ni chombo cha elimu ya nyota kilichowekwa katika karne ya 18, kupima mwendo wa jua na kusaidia kuihesabu siku ya Pasaka. Na kwamba herufi P na S zilizo madirishani ni za Petro na Sulpisi, watakatifu wasimamizi wa kanisa hilo. Basi aliyekuja kutafuta siri aliondoka na elimu.

Waanglikana pia walijaribiwa. Mwaka 2005 watengenezaji wa sinema waliomba kupiga picha katika kanisa la Westminster, London. Walikataliwa, kwa kuwa wakuu wake waliona kitabu hakifuati mafundisho ya kweli. Nao watumishi wake wakapewa karatasi za kuwasaidia kuwajibu wageni. Kanisa kuu la Lincoln liliwakubalia, likapokea sadaka ya paundi 100,000, na wako waliohuzunika kwa ajili hiyo. Siku ya Pasaka ya mwaka 2006 Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, alihubiri juu ya tabia hii ya watu wa siku hizi, kwamba husoma Maandiko kama tangazo la wakubwa lililoandikwa ili kuficha kitu. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani nao walitengeneza kipindi cha televisheni na tovuti ya kujibu madai moja moja. Opus Dei, chama kilichoanzishwa Madrid mwaka 1928 na Mtakatifu Josemaría Escrivá, kilitukanwa kuliko wote, kwa kuwa yule mtawa muuaji wa hadithi alifanywa mtu wake. Chenyewe hakina watawa kabisa. Wengi wa watu wake ni walei wenye kazi zao na jamaa zao. Nacho kilichagua kuwakaribisha waulizaji kuliko kugombana nao.

Tena si waamini peke yao waliojibu. Bart Ehrman, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, ambaye imani ya Kikristu ameiacha, alitoa kitabu mwaka 2004 kuonyesha makosa ya historia yaliyomo katika riwaya hiyo. Ukweli haukosi mashahidi, hata nje ya nyumba yetu.

Ndugu, katika njia hizo nne ni hii ya mwisho tunayoisifu. Lakini haiwezi kushikwa na mtu asiyejua kitu. Basi tuyapitie madai yale, ili kila mwalimu arudi kigangoni akiwa na neno mkononi.

Kwanza, Mtaguso wa Nisea. Waliokutana walikuwa Maaskofu wapatao 300, na mapokeo yasema 318. Ugomvi uliowaleta ulianza katika bara letu la Afrika, katika mji wa Aleksandria, ambako padre aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kupita viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyesema kwamba Yezu alikuwa mtu tu kama sisi. Hata Ario hakusema hivyo. Wala kura hazikukaribiana, kwani mwishoni Maaskofu waliokataa kabisa kutia sahihi walikuwa wawili. Na kwamba Wakristu walimwabudu Kristu zamani kabla ya Konstantino, shahidi wetu si padre. Ni Plinio, liwali wa Kirumi mpagani, ambaye mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristu hukutana alfajiri na kumwimbia Kristu kama Mungu. Hiyo ni miaka zaidi ya 200 kabla ya Nisea.

Pili, Injili nne. Mtaguso wa Nisea ulitoa Kanuni ya Imani, na amri 20, na shauri juu ya siku ya Pasaka. Katika amri hizo 20 hakuna hata moja iliyochagua vitabu vya Biblia. Mtakatifu Ireneo wa Lyon, mnamo mwaka 180, amekwisha kuandika kwamba Injili ni nne, wala si zaidi wala si pungufu. Na orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, sawasawa na tulivyo navyo, iliandikwa mwaka 367 katika barua ya Pasaka ya Mtakatifu Athanasi, Askofu wa Aleksandria, ambaye Nisea alikwenda akiwa shemasi. Kaisari Konstantino alikuwa amekwisha kufa miaka 30 kabla. Basi kijana akisema kwamba imani yetu ilitungwa na Wazungu, aonyeshwe Aleksandria katika ramani.

Tatu, ndoa. Mwaka 1945 wakulima wa Misri walichimbua, karibu na Nag Hammadi, mtungi wenye vitabu vya kale vya Kikopti. Kimojawapo huitwa Injili ya Filipo, nacho chamtaja Maria Magdalena kuwa mwenzi wa Bwana. Dan Brown alishikilia hapo. Lakini kitabu hicho kilitungwa muda mrefu baada ya Mitume, ni cha mafumbo, tena mahali panaposemwa juu ya busu gome limetoboka na neno halipo. Hata humo haikuandikwa kwamba Yezu alioa. Tena Mtakatifu Paulo, alipotetea haki ya Mitume kufuatana na wake zao, aliwataja Kefa na ndugu wa Bwana (1 Kor 9). Kama Bwana mwenyewe angalikuwa na mke, hoja hiyo ingalikuwa ya kwanza kutajwa. Hatulikatai neno hili kwa kuiona ndoa kuwa aibu, maana kwetu ni Sakramenti. Twalikataa kwa sababu halina shahidi.

Nne, ile picha. Leonardo aliichora Karamu ya Mwisho ukutani mwa chumba cha kulia cha watawa, Milano, kati ya miaka 1495 na 1498. Yule asiye na ndevu karibu na Bwana si mwanamke. Ni Yohane, ambaye wachoraji wa Firenze walizoea kumchora kama kijana laini. Kama angekuwa Magdalena, basi Yohane yuko wapi mezani?

Hayo ndiyo majibu, wala si magumu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu. Kwa nini watu wengi hivyo walikuwa tayari kusadiki? Hapa yatupasa kunena kweli, hata ikiuma.

Habari ya Magdalena ilikuwa na mbegu ya ukweli. Injili zasema kwamba alitolewa pepo saba, akamfuata Bwana, akasimama chini ya Msalaba, na alfajiri ya Pasaka akatumwa kuwapasha Mitume habari. Hakuna Injili iliyomwita kahaba. Mnamo mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri, alimchanganya na yule mwanamke mkosefu aliyelia miguuni pa Yezu, na kwa karne nyingi Wakristu wa magharibi wakamjua hivyo. Mwaka 1969 kalenda ya Kanisa ilirekebishwa, machanganyiko hayo yakaachwa. Na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, iwe sikukuu sawa na siku za Mitume, kwa kuwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kumwita mtume wa Mitume. Je, ni vigangoni vingapi hayo yametangazwa? Ikiwa sisi bado twamfundisha kama kahaba, mgeni akija na kusema kwamba Kanisa limemvunjia mama huyu heshima yake, tutamjibu nini?

Tena kuna neno zito zaidi. Mwezi wa Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kufichua habari za mapadre wa Boston waliowadhulumu watoto, na za wakubwa waliowahamisha mahali hata mahali na kunyamaza. Mwezi wa Desemba mwaka uleule Kardinali Bernard Law akajiuzulu. Miezi mitatu baadaye kitabu cha Dan Brown kikatoka. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Lakini mtu aliyekwisha kusikia kwamba wachungaji walificha maovu ya kweli, huona wepesi kusadiki kwamba wameficha na siri ya kubuni. Uongo wa mtunga hadithi hupata kiti pale tu ambapo sisi wenyewe tumemwekea.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, yatupasa mambo manne.

La kwanza: tusimwaibishe mtoto aulizaye. Mtoto akikaripiwa kwa swali lake haliachi swali, amwacha mwalimu. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kanisa ni mama, na sisi ndio mdomo wake kigangoni.

La pili: tufundishe historia ya Kanisa pamoja na Katekisimu. Majibu ya kukariri ni mazuri, lakini jibu lililokaririwa halijibu swali lisiloandikwa. Tuwazoeze vijana kuuliza juu ya kila kitabu na kila sinema maneno matatu: Nani amesema? Amesema lini? Naye amejuaje? Injili zetu hazichelei maswali hayo.

La tatu: tusipambe mafundisho yetu kwa visa visivyo na shahidi. Wako wahubiri wanaosimulia miujiza ambayo haina mahali wala mwaka, na maneno ya watakatifu ambayo hakuna mtakatifu aliyeyasema. Tukifanya hivyo, tuna haki gani ya kumlaumu mtungaji wa Marekani? Yeye alau aliandika juu ya jalada kwamba ni riwaya.

La nne: tusifiche. Hesabu za kigango na zisomwe mbele ya waumini. Kosa la mtumishi wa Kanisa lisifunikwe kwa jina la heshima ya Kanisa, na mtoto aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Mahali pasipo na siri chafu, msema siri hana biashara.

Ndugu wapenzi, waliotuletea Injili katika Jimbo hili hawakutuletea habari ya kunong'onezana. Walisimama chini ya miti, mchana, wakanena kwa sauti, na kila mtu akawa huru kuuliza. Nasi tukabidhi hivyohivyo. Katika mwaka huu wa Jubilei kila parokia na itenge jioni moja kwa mwezi, ambapo kijana na mzee wataweza kuuliza neno lolote juu ya imani, naye mwalimu awe amejiandaa. Pale asipojua, amwendee Padre wake, akarudi na jibu, wala asibuni.

Mwenyezi Mungu alibariki Jimbo letu, awape wachungaji wetu ujasiri wa kweli, na Mtakatifu Maria Magdalena, aliyetumwa wa kwanza kuitangaza Pasaka, atuombee sisi sote tutumwao kufundisha. Amina.